Majivu Mlangoni kwa Bibi Limi

Nyayo za fisi zilikutwa mlangoni kwa Bibi Limi Jumanne asubuhi, na kufikia saa nne kijiji kizima cha Mwabulenga kilikuwa kimeshaamua fisi ni wa nani.

Waliozikuta hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa watoto wa darasa la sita, wa klabu ya wanyamapori ya shule, na walizikuta kwa sababu walifundishwa kuzitafuta. Mwalimu Eliya, kijana aliyehamia pale mwaka juzi, aliwapa kazi. Kila mtoto abebe majivu kutoka jikoni kwao, wayatandaze jioni kwenye vinjia vyote vinavyotoka kwenye ngitili, halafu asubuhi waje wasome ni mnyama gani amepita. Ngitili ni yale malisho ya kijiji yanayofungwa mvua zikianza, ng'ombe asiguse jani mpaka kiangazi kikolee. Tangu wazee walipoamua kuyafunga tena, miti ilikuwa imerudi, nyasi zimerudi, na wanyama nao wakarudi: kanga, sungura, digidigi, na fisi.

Kinjia kimoja kilipita nyuma ya nyumba ya Bibi Limi. Mtoto aliyepangiwa kinjia hicho alibakiwa na majivu kwenye ndoo, akaona taabu kuyarudisha, akayamwaga yote mpaka kwenye kizingiti cha bibi. Asubuhi nyayo zilikuwa pale wazi kabisa. Vidole vinne, kucha zinaonekana, mguu wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma, kama mwalimu alivyochora ubaoni. Watoto walishangilia. Wakatoka mbio barabarani huku wakipiga kelele, "Fisi! Fisi anakwenda kwa Bibi Limi!"

Huku kwetu mtu akisikia fisi amefika mlangoni kwa kikongwe na kuondoka zake, haulizi fisi alifuata nini. Anauliza anafugwa na nani, na usiku anapandwa na nani.

Stanslaus, mtoto wa bibi huyo, alikuwa buchani kwake anatundika paja la ng'ombe. Habari aliletewa na mteja aliyetaka nusu kilo ya mchanganyiko.

"Stanslaus, kumbe mama yako ana usafiri wake," mteja alisema na kucheka, halafu akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. Akachukua nyama yake na kuondoka bila kulalamikia mfupa.

Stanslaus alisimama na kisu mkononi. Yeye hakuhitaji mwalimu wala majivu. Alijua fisi alifuata nini.

Nyuma ya nyumba ya mama yake, pale kijiji kinapoishia na ngitili inapoanza, kulikuwa na shimo. Zamani wachimbaji walijaribu kutafuta dhahabu hapo, wakakosa, wakaondoka. Stanslaus alilifanya shimo hilo kuwa jalala lake. Kiangazi kikishika, ng'ombe wa watu hukonda mpaka wanashindwa kusimama, na wenye ng'ombe huwauza kwa bei ya kutupa kabla hawajafa. Stanslaus aliwanunua. Wengine aliwafikisha kwenye kisu. Wengine walikufa njiani, juu ya gari, macho wazi. Hao nao aliwachuna, akapeleka nyama yao kwenye machimbo ya dhahabu, ambako wanaume wanatoka chini ya ardhi na njaa na hakuna anayeuliza muhuri wa bwana afya. Vichwa havikutakiwa kuonekana, kwa sababu kichwa cha ng'ombe aliyekufa kinasema chenyewe kwamba shingo ilikatwa damu ikiwa imeshalala. Vichwa, kwato na matumbo vilikwenda shimoni. Usiku fisi walikuja, wakala, wakasafisha. Asubuhi hapakuwa na kitu. Shimo lilikuwa safi kuliko bucha.

Alifunga bucha mapema siku hiyo. Alizunguka na pikipiki yake mpaka njia ya Kahama, akageuza, akaenda mpaka lambo la kunyweshea ng'ombe, akageuza tena. Hakuwa na safari yoyote. Alishindwa tu kukaa.

* * *

Nyumbani alimkuta mkewe Bhoke anachambua mchele, na Mwalimu Eliya ameketi kwenye kigoda, magoti yamekaribia masikio.

"Shikamoo, Baba Loveness," mwalimu alisema akinyanyuka.

"Marahaba. Kaa. Umefanya nini, mwalimu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua watafika mpaka mlangoni kwa bibi. Lilikuwa somo tu. Nilitaka waone kwamba ngitili ina wenyewe usiku. Kwamba ukilinda makazi ya mnyama, mnyama anabaki huko na wewe unabaki huku."

"Sasa mnyama amekuja huku," Bhoke alisema. Yeye alikuwa Mkurya kutoka Tarime, aliolewa pale miaka kumi na tano iliyopita, na bado alisema mambo kama anapasua kuni. "Wewe unatoka wapi, mwalimu?"

"Moshi, mama."

"Moshi fisi ni fisi. Hapa fisi ni ng'ombe wa mchawi. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Nilidhani watoto wakifundishwa…"

"Watoto wamefundishika vizuri sana. Wameonyesha kijiji nyumba yenyewe."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Stanslaus alitaka kumgombeza, akajizuia, maana alijua hasira hiyo si ya mwalimu. Akasema tu, "Nenda shuleni. Wazee nitaongea nao mimi."

Mwalimu alipoondoka, Loveness alitoka ndani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kama mama yake, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Alishika kopo la plastiki lenye kitu cheupe kama chokaa iliyokauka.

"Baba, hiki ni kinyesi cha fisi. Kinakuwa cheupe kwa sababu ya mifupa."

"Katupe huko."

"Ndani kuna kipande cha kwato ya ng'ombe. Mwalimu anasema tukitaka kujua mnyama anakula wapi, tuangalie anachotoa. Nilifuata nyayo kurudi nyuma leo. Hazikuanzia kwa bibi. Zilitoka shimoni."

Bhoke aliacha kuchambua mchele.

"Shimo gani?" Stanslaus aliuliza, na mwenyewe akasikia sauti yake ilivyokuwa ya kijinga.

"Lile lako, baba."

Bhoke alimgeukia mumewe. Alikuwa akijua kwamba anatupa mabaki. Hakujua ni mabaki ya ng'ombe gani, na hakuwahi kuuliza, kwa sababu ada za shule zililipwa na bati zilinunuliwa. "Basi ni rahisi," alisema. "Nenda kwa Kamanda Kalisti sasa hivi. Mwambie fisi wanafuata mifupa yako."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nimesema nitakwenda!"

Hakwenda. Angesema mifupa, wangekwenda kuangalia mifupa. Wangekuta vichwa. Mwenye macho angeuliza swali moja tu, na bucha ingekuwa imekwisha.

* * *

Jumatano asubuhi Kamanda Kalisti wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alipuliza filimbi yake kutoka mwisho mmoja wa kijiji mpaka mwingine. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoifahamu, mnene, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Alitangaza kwamba Limi, mjane, ametengwa mpaka Jumapili, siku ambayo dagashida itakaa, yaani mkutano wa wenyeji wote wa kuamua mambo ya kijiji na ngitili yake. Mpaka siku hiyo asisalimiwe, asiuziwe, asipewe moto. Mtu wa kwake anaweza kumpelekea chakula, lakini asikae.

Stanslaus alimfuata. "Kamanda, mama yangu ana miaka sabini na kitu. Hata mbuzi hamuwezi, atamuweza fisi?"

"Mimi sijasema anamuweza. Nimesema tusubiri dagashida. Nikimtenga mimi, vijana hawatamgusa. Nisipomtenga, unajua watafanya nini. Nakusaidia, Stanslaus. Una la kusema?"

Hapo ndipo nafasi ya kusema ilipokuwa. Kalisti alimtazama usoni, akangoja kabisa.

"Sina," Stanslaus alisema. "Labda Jumapili."

Siku iliyofuata alikuwa anapita kisimani na pikipiki, kasha la nyama limefungwa nyuma, anaelekea machimboni. Akamwona mama yake kwenye foleni ya maji. Bibi Limi alikuwa mwembamba, macho yake mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichokokea moto maisha yake yote, na macho hayo yalikuwa sehemu ya kesi, maana huku kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi.

"Mwangaluka," bibi aliwaamkia wanawake.

Hakuna aliyeitika. Walikuwa wanawake kumi hivi, wengine aliwazalisha yeye mwenyewe. Mmoja aliisukuma ndoo ya bibi kwa mguu, ikatoka kwenye mstari, taratibu tu, kama mtu anavyosogeza jiwe. Bibi akairudisha. Ikasukumwa tena.

"Mwangaluka, wanangu," alirudia.

Stanslaus alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Angeweza kusimama na kumchotea. Lakini kasha lilikuwa limeanza kuchuruzika, jua linapanda, na nyama ile haikuwa ya kusubiri. Aliongeza mafuta akapita. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mama yake amegeuka kuangalia pikipiki ya nani ile.

Huko machimboni, kati ya kelele za makarasha yanayosaga mawe, Hosiana mama lishe alipokea nyama, akainusa kidogo kama kawaida yake, akasema, "Ya leo inataka ndimu, Stanslaus." Wote wawili walicheka kidogo, kama walivyocheka siku zote.

Jioni alimpelekea mama yake ugali na maji. Bibi alikuwa ameketi ndani, hajawasha moto.

"Ulipita," alisema.

"Nilikuwa na haraka, mayu."

"Nilifikiri hukuniona." Alimega tonge, akalishika bila kula. "Kwani nimefanya nini, mwanangu? Yule fisi namsikia miaka miwili sasa. Anapita, anakwenda zake. Sijamwita. Nawe wajua sijamwita."

"Najua, mayu."

"Umewaambia?"

"Jumapili nitawaambia."

"Leo ni Alhamisi," bibi alisema, akarudisha tonge kwenye sahani.

* * *

Ijumaa Donatus alikuja buchani. Donatus alipoteza mbuzi watatu mwezi uliopita na tangu hapo alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa na asiyeweza kwenda polisi. Nyuma yake walikuwa vijana wanne.

"Hatuna shida na wewe, Stanslaus," alisema. "Mtu hachagui mama. Tunataka kichwa kimoja cha ng'ombe."

"Cha nini?"

"Cha chambo. Tuna sumu ya wadudu wa pamba ya msimu uliopita, imebaki chupa mbili. Leo tunawalisha fisi chakula chao cha mwisho. Tukiwamaliza fisi, mwenyewe atabaki bila miguu." Vijana walicheka. "Au wewe unawahurumia? Binti yako anasema wasiuawe. Nimemsikia shuleni, anasema fisi ni bwana afya wa porini."

Stanslaus aliwaona vijana wanavyomwangalia. Akafikiri, nikikataa watasema ni wa familia moja. Akafikiri pia, na hili alilifikiri haraka akalisukuma mbali, kwamba fisi wakifa hakutakuwa na nyayo, na bila nyayo hakutakuwa na kesi, na hatalazimika kusema chochote.

Alikuwa na kichwa kibichi chini ya meza, cha ng'ombe aliyechinjwa kihalali na Mzee Sefu asubuhi ile. Alikitoa.

"Kiasi gani?" Donatus aliuliza.

"Chukua tu."

"Huyo ndiye mwanaume," Donatus alisema, akampiga begani.

Jumamosi asubuhi mwano ulilia, ule ukelele wa Wasukuma unaomtoa kila mwanaume ndani na fimbo yake. Safari hii ulikuwa wa shangwe. Fisi walikuwa wamelala kwenye ukingo wa ngitili, mmoja huku, mwingine kule, midomo imejaa povu. Jike mmoja alikuwa na maziwa. Waliburutwa kwa kamba mpaka uwanjani, vijana wakapiga nao picha kwa simu, mguu juu ya shingo.

Lakini saa nne tai walishuka. Walikuja kwa mizoga iliyobaki porini, wakala, na adhuhuri walianza kuanguka kutoka kwenye matawi kama matambara mabichi. Halafu mbwa. Mbwa wa Kamanda Kalisti mwenyewe alifia mlangoni kwake. Mwalimu Eliya alipita na watoto wa klabu, wamevaa mifuko ya nailoni mikononi, wanakusanya ndege waliokufa ili wachomwe kuku wasije wakala. Loveness alikuwa anawahesabu kwa sauti.

Na jioni hiyohiyo harufu ikaanza.

Stanslaus alikuwa amepeleka mabaki shimoni Ijumaa na Jumamosi alfajiri, kama kawaida. Hakuna aliyekuja kuyala. Jua la Septemba lilifanya kazi yake. Harufu ilitoka shimoni, ikapita kwenye ua wa mama yake, ikafika njiani. Nzi wakafuata. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyethubutu kusogelea nyumba ile, hakuna aliyejua inatoka wapi. Waliokuwa mbali walisema bibi anaoza akiwa hai, kwa sababu fisi wake wamekufa. Na kweli bibi alikuwa ameanza kutapika. Maji aliyoletewa na mwanawe hayakutosha, akawa amechota ya kwenye mfereji ulio chini ya shimo.

Stanslaus alikwenda na koleo kufukia. Alichimba kidogo, akasimama, akaona atahitaji siku nzima, na kila mtu atamwona. Loveness alimkuta hapo, ameshika koleo, shati limefunika pua.

"Mwalimu alituambia lakini mimi sikuelewa," alisema. "Kwamba ukiondoa mnyama, kazi yake inabaki. Sasa nimeelewa." Alitazama shimoni bila kuziba pua. "Fisi walikuwa wanakufichia, baba."

"Nenda nyumbani."

"Kesho utasema wewe au niseme mimi?"

Baba mwingine angempiga. Stanslaus aliinua mkono kweli, akaona una damu iliyokauka kwenye kucha, akaushusha.

"Ukisema wewe, hutasoma tena," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua ada inatoka wapi? Inatoka humo shimoni. Sare, daftari, hilo kopo lako la kinyesi. Vyote vimetoka humo."

"Najua," Loveness alisema. "Na bibi je?"

* * *

Dagashida ilikaa mbele ya ghala la pamba. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, vijana wamesimama nyuma na fimbo. Bibi Limi aliletwa na Bhoke, amemwegemea, akaketishwa chini peke yake katikati. Mtu alimletea kigoda. Mwingine akakiondoa.

Kamanda Kalisti alimpa mwalimu nafasi kwanza. Mwalimu Eliya alisimama, karatasi mkononi, akaona hakuna wa kusomewa karatasi, akaikunja.

"Wazazi wangu, fisi hafugwi na mtu. Fisi anafuata harufu ya nyama iliyokufa. Anaisikia kutoka mbali sana. Makazi yake ni ngitili, na ngitili mmeilinda wenyewe…"

"Na sisi hatunuki?" Donatus alidakia. "Mimi nimekaa siku mbili sijaoga, mbona hakuja kwangu?" Uwanja ulicheka. "Mwalimu, tumewaua fisi Ijumaa usiku. Jumamosi bibi akaanza kutapika. Hilo liko kwenye kitabu chako?"

Kicheko kilikatika ghafla. Watu walimtazama bibi, na yeye, kana kwamba amekubaliana nao, akainama na kutapika kidogo kwenye kanga yake.

Sauti ya chinichini ilipita. Vijana wa nyuma walisogea hatua moja mbele. Kalisti aliona.

"Tulieni! Hapa ni dagashida, si gulioni." Akamgeukia bibi, na safari hii hakuweza kumtazama machoni. "Mama, vijana wanataka uondoke kijijini leo, kabla jua halijazama. Ukibaki, mimi sitaweza kukulinda. Nasema ukweli. Kuna mtu wa kumtetea?"

Upande wa wanawake, Loveness alisimama. Mtoto hasimami kwenye dagashida, na mtoto wa kike ndiyo kabisa. Wanawake walimvuta sketi. Hakuketi. Alikuwa anamtazama baba yake tu.

"Keti, Loveness," Stanslaus alisema. Akanyanyuka. "Nasema mimi."

Alisema kwa kifupi, akitazama ukuta wa ghala. Kwamba fisi walifuata mifupa. Kwamba mifupa ni yake. Kwamba iko kwenye shimo nyuma ya nyumba ya mama yake, tangu miaka miwili, na harufu wanayoisikia ni hiyo, na bibi anaumwa kwa maji ya pale. Hana fisi. Hajawahi kuwa na fisi. Aliyewaita fisi ni yeye Stanslaus.

"Kwa nini hukusema Jumatano?" Kalisti aliuliza. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Stanslaus alirudisha macho kwenye ukuta wa ghala.

Mzee Sefu alijiinua taratibu kutoka upande wa wanaume. Alikuwa muuza duka, mtu wa sala tano, na ndiye aliyemchinjia Stanslaus ng'ombe wa kijijini. "Stanslaus," alisema kwa upole, "mimi nakuchinjia ng'ombe mmoja kila Ijumaa na mmoja kila Jumatatu. Vichwa vyao unaviuza hapahapa kwa supu, navijua. Sasa hivyo vya shimoni vimetoka kwa ng'ombe gani?"

"Wa machimboni."

"Hao nani aliwachinja?"

Upepo ulipita ukaleta harufu. Bhoke alifumba macho.

"Wengine niliwachinja mwenyewe," Stanslaus alisema. "Wengine walikuwa wameshakufa."

Mzee Sefu alibaki amesimama, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. "Nilikula supu kwa Hosiana," alisema hatimaye. "Mwezi wa Rajabu. Nilimuuliza nyama ya nani, akaniambia ni yako. Nikasema basi haina shaka." Hakupiga kelele. Aliokota kiatu chake kimoja kilichokuwa kimemvuka, akakivaa, akaondoka uwanjani.

Baada ya hapo walipiga kelele wengine, wengi, na fimbo zilizokuja kwa ajili ya mama zilimshukia mwana. Kalisti na watu wake waliingilia, lakini hawakuingilia haraka sana. Kuna waliokwenda shimoni kuangalia, wakarudi wameziba pua, wakathibitisha. Kuna pia waliosema, na wanasema mpaka leo, kwamba mwana amejitwisha mzigo ili kumkinga mama yake, kwa hiyo mama ni mchawi tu.

* * *

Bibi Limi alipata nafuu kwa dripu ya zahanati. Dagashida ilimfungulia, ikatangaza kwa filimbi kwamba asalimiwe. Asubuhi yake wanawake walikuja mlangoni na unga, mmoja mmoja, wakasema mwangaluka. Bibi aliitika kila mmoja. Halafu akamwambia Bhoke amfungie nguo zake. Alikuwa na binti Buseresere, Serafina, mwenye kibanda cha kuuza dagaa, na huko atakwenda.

"Wamekufungulia, mayu," Stanslaus alimwambia. Mkono wake ulikuwa kwenye bandeji. "Kila mtu amejua huna kosa."

"Wewe ulijua Jumanne," bibi alisema.

Alimpeleka Kahama kwa pikipiki ya kukodi, kwa kuwa yake ilikuwa imeuzwa. Stendi ilijaa watu na magunia ya mpunga. Alimnunulia tiketi, maji na mkate, akampandisha, akamweka dirishani. Akashuka, akasimama chini ya dirisha kama mtoto anayesindikiza, akasema yale ambayo kila mwana husema.

"Shikamoo, mayu."

Bibi Limi alikuwa anatazama mbele, kwenye kiti cha dereva. Gari liliwashwa. Stanslaus alidhani kelele ya injini imemzuia kusikia, akasema tena kwa nguvu. Abiria wa kiti cha nyuma yake alisikia, mpaka akageuka. Bibi hakugeuka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na gharama yake ni hii. Fisi watano, na watoto wao ambao hakuna aliyekwenda kuwatafuta pangoni. Tai kumi na tisa, kwa hesabu ya Loveness. Mbwa saba. Bucha moja, iliyofungwa na bwana afya kwa kufuli jipya. Pikipiki moja na ng'ombe wawili wa faini ya sungusungu. Vidole viwili vya mkono wa kulia, ambavyo havikunji tena na haviwezi kushika kisu. Klabu ya wanyamapori, iliyofutwa, na mwalimu wake, aliyehamishwa muhula ulipoisha. Mwaka mmoja wa shule wa Loveness, ambaye sasa anauza maandazi na mama yake barabarani na bado anajua nyayo zote. Ngitili ipo, lakini ng'ombe wakifa kiangazi hubaki humo mpaka wanakuwa vumbi, na watu hupita wameziba pua.

Na marahaba mbili.